Viatu vya Biro

Biro yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa,
Katuba, kwenye kona ambapo lami inakata tamaa.
Tuna meza, tuna mashine ya chapa inayotafuna karatasi,
tuna ukuta wa matangazo ya kazi, nusu yake yamepitwa,
na chini ya meza, ndani ya boksi la sabuni,
tuna viatu.

Jozi moja. Vyeusi, vya kamba, namba arobaini.
Walivichangia, franka mia kwa mia,
watu waliorudishwa kwenye mageti ya shaba
kwa kosa la kuvaa ndala.
Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Juu ya viatu hawakusema neno.

Vina daftari lao:
Kaumba, ulinzi, alirudisha, hakupata.
Mbuyu, stoo, alirudisha, alipata, alileta kiwi.
Tshilombo, udereva, alirudisha kimoja;
kingine tulikifuata kwa shemeji yake, ng'ambo ya soko.

Jumatatu alikuja Mwadi.
Alisomea umeme. Mhuri wa diploma yake umefifia
kama doa la chai.
"Hapa," nikamwambia, "kati ya mwaka huu na huu, pana shimo."
"Nilikuwa nauza makala kwa gunia."
"Tuandike."
"Makala nayo yaandikwe?"

Nikamuuliza bei, usafiri, waliokopa.
Akataja wadaiwa kumi na tisa bila kuvuta pumzi,
na tarehe zao; na wa ishirini, aliyefariki,
huyo alimsamehe nusu.
"Na nusu nyingine?"
"Analipa kaka yake."

Nikaandika: biashara ya nishati.
Akacheka mpaka akashika meza, kisha akafuta.
"Andika makala. Wakiuliza habari za mikono yangu,
nisije nikasahau nilichowadanganya."

Kifaransa tulikifanyia mazoezi hadi taa ikazimika.
Mimi nilikuwa mkubwa wa kampuni, nimekunja uso.
"Kwa nini tukuchukue wewe?"
Alijibu akitazama vidole vya miguu.
Tena. Akatazama vidole.
Mara ya saba akanitazama mimi,
na mimi ndiye niliyeangalia chini.

(Sikumwambia kwamba tangu Machi sijalipwa.
Kwamba usiku, watoto wakishalala,
naandika barua yangu mwenyewe ya kuomba kazi
na sijui niimalizie wapi.)

Jumatano tulijaza gazeti kwenye ncha za viatu,
akaondoka navyo.
Jioni hakurudi.
Alhamisi Kapend alikaa anasubiri,
ana miadi kesho saa mbili, karakana ya malori.
Mchana watu walianza kunong'ona. Mmoja akasema: kaviuza.
Nililifunga daftari, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Saa kumi na mbili aliingia, kwa miguu, viatu mkononi,
vumbi jekundu la barabara ya Likasi hadi magotini.
Hawakumpa jibu. Wamesema watapiga simu.
Soli ya kushoto iling'oka palepale getini;
alilala kwa shangazi, akamngoja fundi,
akamlipa kwa pesa ya basi.
"Lakini niliongea," alisema.
"Waliuliza makala. Nikawatajia bei."

Akavuta daftari, akaandika mwenyewe:
Mwadi, umeme, alirudisha,
halafu akaacha nafasi.

Kapend alikwisha kuanza kuingiza mguu, namba arobaini na tatu.
Kisigino kilibaki nje
kama mtoto ambaye hajalipiwa ada.
Mwadi akapiga magoti, akatoa gazeti lake kwenye ncha,
akalegeza kamba hadi tundu la mwisho.

"Tembea," akamwambia. "Mpaka mlangoni, urudi.
Usiangalie chini, vipo.
Haya. Unaitwa nani?
Kwa nini wakuchukue wewe?"